Nani Hasa Alitawala kwa Jina la Malkia Victoria?

Ukiitazama ramani ya Uganda, utadhani umefunuliwa albamu ya picha za ukoo mmoja. Kusini kuna Ziwa Victoria, mama mwenye nyumba. Magharibi, mpakani na Kongo, kuna Ziwa Albert, mumewe. Chini yake kuna Ziwa Edward, mtoto wao wa kwanza wa kiume, na ubavuni mwa hilo kuna Ziwa George, mjukuu. Mimi nimezaliwa Fort Portal, mji wenye jina la mtumishi wa familia hiyohiyo, ambaye habari zake nitazileta baadaye. Katika miaka ya 1970 Rais Idi Amin alilipa Ziwa Edward jina lake mwenyewe, na Mobutu wa Zaire akafanya vivyo hivyo kwa Ziwa Albert. Walipoondoka hao wawili, ukoo wa Victoria ulirudi kwenye viti vyake kana kwamba ulikuwa umetoka nje kwa muda tu.

Waganda huliita lile ziwa kubwa Nalubaale, na Wajaluo huliita Nam Lolwe. Mwingereza John Hanning Speke aliliona mwaka 1858 akiwa upande wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake papo hapo, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao na hawakuombwa lingine. Malkia mwenyewe hakuwahi kulitembelea. Katika maisha yake yote, tangu 1819 hadi 1901, Victoria hakukanyaga Afrika wala India.

Katika shule ya sekondari tuliandika kwenye mitihani kwamba Malkia Victoria aliitwaa Uganda mwaka 1894, tukapewa alama. Baadaye chuoni niliwakuta wenzangu wamegawanyika. Kuna waliosema kwamba yule mama alikuwa pambo tu, kazi yake kutia sahihi na kupunga mkono, kwa hiyo hana kosa lolote. Kuna waliosema kwamba alikuwa mwizi mkuu, na kwamba kila jina lake lifutwe kwenye barabara na maziwa. Ugomvi huu si wa kupoteza muda. Kama mwenye kosa ni mwanamke mmoja, basi kesi ilifungwa siku alipozikwa. Kama si yeye, tunapaswa kujua ni nani, maana huenda mrithi wake bado yupo na ana anwani. Katika insha hii ningependa kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, ingawa hazikukosea kwa kiasi sawa.

Nianze na uwezo aliokuwa nao. Victoria alirithi kiti tarehe 20 Juni 1837, akiwa na umri wa miaka 18. Bunge lilimtengea posho ya pauni 385,000 kwa mwaka. Serikali ilikuwa mikononi mwa Lord Melbourne, mzee wa chama cha Whig ambaye malkia alimpenda kama baba. Mwaka 1839 Melbourne alitaka kujiuzulu, na mpinzani wake Robert Peel akaitwa aunde serikali. Peel akaomba jambo dogo: baadhi ya mabibi waliomhudumia malkia, ambao waume zao walikuwa Whig, wabadilishwe. Msichana yule akakataa katakata. Peel akaondoka, Melbourne akarudi, na malkia akadhani ameshinda. Lakini mwaka 1841 ulifanyika uchaguzi, wafuasi wa Peel wakapata wabunge wengi, na safari hii hakuna machozi yaliyosaidia. Ilimbidi ampokee.

Msomaji wa Uganda ataona ajabu ya jambo hili akililinganisha na Kabaka Mutesa, aliyeanza kutawala Buganda mwaka 1856. Mutesa aliteua na kufukuza wakuu wake kwa neno moja, na maisha ya mtu yalikuwa kwenye ulimi wake. Mwaka 1879 alituma wajumbe watatu pamoja na wamisionari wa Kiingereza, wakapita njia ya mto Nile, na mwaka 1880 wakafikishwa mbele ya Victoria huko London. Waliona majumba, askari na watu wanaoinama. Bila shaka walifikiri wamemwona mwenye amri. Lakini mwaka huohuo wa 1880 malkia alikuwa ametoka kushindwa vibaya ndani ya nyumba yake. Uchaguzi ulikuwa umemwangusha Benjamin Disraeli, waziri mkuu aliyempenda, na kumleta William Gladstone, ambaye hakuweza kumvumilia. Alijaribu kumpa kazi mtu mwingine katika chama hichohicho, Lord Hartington. Haikuwezekana. Mutesa angesikia kwamba malkia yule mkubwa amelazimishwa kumpokea mkuu asiyemtaka, nadhani angewaita wajumbe wake waongo.

Basi kama hakuwa yeye, nani aliyeamua? Jibu fupi ni Bunge na waliolipigia kura. Hapo tunapaswa kuitazama jamii ya Uingereza yenyewe, maana watu wengi hapa kwetu hudhani kwamba Waingereza wote wa zama zile walikaa mezani wakinywa chai ya India.

Sheria ya 1832 ilipanua haki ya kupiga kura, lakini hata baada yake ni takriban mwanamume mmoja tu kati ya watano aliyekuwa nayo. Hakuna mwanamke aliyekuwa nayo, jambo la kuchekesha katika nchi inayoongozwa na malkia. Mali ya mke ilikuwa ya mumewe hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1882. Na msomaji asidhani Victoria aliwatetea wanawake wenzake. Aliipinga harakati yao waziwazi katika barua zake. Aliona ni wazimu. Yeye alijiona kuwa malkia kwa mapenzi ya Mungu, si kwa haki za wanawake.

Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa ripoti kuhusu afya ya maskini. Ndani yake kuna hesabu ambayo kwa maoni yangu ingetosha kuwa sura nzima ya kitabu chetu cha historia. Katika mji wa viwanda wa Manchester, wastani wa umri wa kufa wa vibarua na familia zao ulikuwa miaka 17. Katika wilaya ya mashamba ya Rutland, vibarua walifikia wastani wa miaka 38. Na mabwana wa Manchester, wale matajiri, nao walikuwa na wastani wa 38. Yaani bwana wa mjini aliishi sawa na kibarua wa shambani, na kibarua wa mjini alizikwa kabla hajaota ndevu. Wastani huo ulishushwa na vifo vya watoto wachanga waliokunywa maji machafu na kulala vyumba vya chini ya ardhi, lakini kusema hivyo hakuufanyi uwe mdogo. Mwaka huohuo Bunge lilipiga marufuku wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi ndani ya migodi. Ukisoma marufuku, unajua kilichokuwa kikifanyika kabla yake.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Wachatisti walidai kila mwanamume mzima apewe kura, na kura iwe ya siri. Tarehe 10 Aprili 1848 walikusanyika uwanja wa Kennington, London, na ombi walilosema limetiwa sahihi na watu zaidi ya milioni 5. Makarani wa Bunge walipohesabu wakapata pungufu ya milioni 2, na miongoni mwa sahihi za uongo mlikuwa na jina la Victoria mwenyewe. Victoria wa kweli alikuwa ameshaondolewa mjini siku mbili kabla, akapelekwa na watoto wake kwenye kisiwa cha Wight, maana mwaka ule wafalme wa Ulaya walikuwa wakikimbia mmoja baada ya mwingine. Ombi lilikataliwa. Hata hivyo madai mengi ya watu wale yalitimizwa baadaye, kidogokidogo: kura zilipanuliwa 1867 na tena 1884, zikawa za siri 1872.

Ireland nayo ilikuwa sehemu ya ufalme. Kati ya 1845 na 1852 viazi vilioza shambani, watu wapatao milioni 1 wakafa na wengine kama hao wakahama. Malkia alichangia pauni 2,000 kutoka mfukoni mwake. Lakini chakula kiliendelea kusafirishwa nje ya Ireland, na uamuzi wa kukiacha kisafirishwe ulikuwa wa serikali iliyoamini kwamba soko halipaswi kuguswa. Imani hiyo tutaikuta tena India.

Sasa nafika kwenye kipindi ambacho mimi huona kinaeleza mambo mengine yote, nacho hakimo kabisa katika vitabu vyetu vya shule. Ni miaka kumi baada ya kifo cha Albert.

Albert, mume wa malkia, alifariki tarehe 14 Desemba 1861 akiwa na umri wa miaka 42. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma nyaraka, kuandika hoja na kusukuma mambo kama Maonyesho Makuu ya 1851, ambayo watu zaidi ya milioni 6 waliingia kuyaona katika jumba la vioo huko Hyde Park. Alipokufa, Victoria alivaa nguo nyeusi na hakuzivua hadi kufa kwake, miaka 39 baadaye. Mjane kuvaa nyeusi si ajabu. Ajabu ni kwamba alijificha. Kwa miaka kadhaa hakufungua Bunge, hakupita barabarani, aliishi Scotland na kisiwani Wight. Mwaka 1864 mtu mmoja mwenye mzaha alibandika tangazo kwenye uzio wa jumba la Buckingham kwamba jengo hilo linapangishwa au kuuzwa kwa sababu biashara ya mwenye nyumba imedorora.

Mzaha huo ulikuwa na hoja ndani yake. Serikali ilikuwa ikiendelea. Sheria zilipitishwa, kodi zilikusanywa, meli zilisafiri. Kama nchi inakwenda vizuri malkia akiwa amejifungia ndani, pauni 385,000 ni za nini? Swali hilo liliulizwa kwa sauti mwaka 1871. Ufaransa ilikuwa imemwondoa mfalme wake na kutangaza jamhuri, na vyama vya wapenda jamhuri vilikuwa vimeanza katika miji ya Uingereza. Malkia akaliomba Bunge fedha za ndoa ya binti yake Louise (kwao zama zile mali ilitoka upande wa binti, msomaji asishangae) na posho ya mwanawe Arthur. Kijitabu kikatoka kikiuliza anazifanyia nini fedha anazopewa. Mwezi Novemba mbunge Charles Dilke alihutubia huko Newcastle akahesabu gharama za ufalme na kusema kwamba jamhuri itakuja.

Kilichouokoa ufalme hakikuwa hoja, kilikuwa homa. Mwisho wa mwezi huohuo Edward, mrithi wa kiti, aliugua homa ya matumbo, ugonjwa wa maji machafu uleule uliokuwa ukiwaua maskini. Taifa zima lilisoma habari zake kila siku katika magazeti yaliyoletewa taarifa kwa simu ya maandishi. Ikakaribia tarehe 14 Desemba, siku ileile aliyokufa baba yake miaka kumi kabla. Siku hiyo akaanza kupata nafuu. Tarehe 27 Februari 1872 malkia aliyejificha alipita barabarani kwenda kanisa la Mtakatifu Paulo kushukuru, na umati ukamshangilia kiasi kwamba Dilke akazomewa kila alipokwenda kuhutubia.

Walter Bagehot alikuwa amekwisha kuandika kitabu kuhusu katiba ya Uingereza mwaka 1867. Alieleza kwamba serikali ile ina sehemu mbili, moja ya kufanya kazi na nyingine ya kuheshimiwa, na kwamba watu huitii ya kwanza kwa sababu macho yao yapo kwa ya pili. Baada ya 1872 wanasiasa walikuwa wameona kwa macho yao. Sehemu ya kuheshimiwa haiwezi kufanya kazi ikiwa imefungiwa ndani. Ni lazima ionyeshwe. Na ili ionyeshwe ilihitaji kazi ya kufanya mbele za watu. Mimi nadhani kazi hiyo ndiyo milki ya ng'ambo. Ufalme uliokuwa ukipoteza nguvu nyumbani ulitafutiwa ukubwa nje.

Aliyelielewa hilo kuliko wote ni Disraeli. Mwaka 1876 alipitisha Bungeni sheria ya kumpa malkia cheo cha Kaisari wa India. Wengine husema Disraeli alimdanganya mama mjane kwa sifa. Barua zinaonyesha kinyume. Ni malkia aliyekuwa akikisukuma cheo hicho. Alikuwa na sababu za kifamilia ambazo mtu yeyote mwenye wakwe atazielewa. Ujerumani ilikuwa imepata kaisari mwaka 1871, na binti yake mkubwa aliolewa na mrithi wa kaisari huyo. Mwanawe Alfred alimwoa binti wa kaisari wa Urusi mwaka 1874, na binti huyo akataka kutangulia mbele ya wenzake kwenye sherehe. Victoria hakutaka siku moja asimame nyuma ya mtoto wake.

Cheo kilitangazwa Delhi tarehe 1 Januari 1877, katika sherehe iliyoandaliwa na gavana mkuu, Lord Lytton, na kuhudhuriwa na watawala wa Kihindi na maelfu ya wageni. Wakati sherehe ikiendelea, kusini mwa India kulikuwa na njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana tangu 1876, na kabla njaa haijaisha mwaka 1878 watu zaidi ya milioni 5 walikufa. Nafaka iliendelea kupakiwa melini kwenda Ulaya. Serikali ya Lytton iliogopa kwamba msaada ungewazoesha watu uvivu, ikamtuma Richard Temple kupunguza gharama. Akaweka kiwango cha chakula kwa mwanamume anayefanya kazi ngumu katika kambi za msaada: ratili moja ya nafaka kwa siku, yaani pungufu ya nusu kilo, na senti kidogo.

Hapa rafiki zangu wa upande wa kwanza hunijibu kwamba malkia hakupanga kiwango hicho. Ni kweli. Lakini wafikirie jambo lililotokea mwaka 1858, baada ya maasi makubwa ya India, Bunge lilipoiondoa Kampuni ya India ya Mashariki na kuiweka nchi chini ya Malkia. Serikali ilimletea rasimu ya tangazo. Hakuipenda. Aliirudisha kwa Lord Derby akataka iandikwe upya, akikumbusha kwamba ni mwanamke anayezungumza na watu zaidi ya milioni 100, na kwamba iwe na ukarimu na kuheshimu dini zao. Ikaandikwa hivyo. Wahindi walilitumia tangazo lile kwa miaka mingi kudai haki. Gandhi mwenyewe aliligeuza kuwa silaha alipokuwa Afrika Kusini. Kwa hiyo mwanamke huyu alijua kuirudisha karatasi mezani kwa waziri mkuu. Mwaka 1877 hakuirudisha. Alikipokea cheo na kuanza kutia sahihi kwa herufi za malkia na kaisari.

Jubilii ya dhahabu ya 1887 na ile ya almasi ya 1897 nitazipita haraka, maana picha zake zinajulikana. Mwaka 1887 aliletewa watumishi wa Kihindi, na mmoja wao, Abdul Karim, akamfundisha Kiurdu hadi akaweza kukiandika. Watu wa ikulu, waliotamba kwa kutawala India, walichukia mno kumwona Mhindi akikaa nao. Malkia alipokufa mwanawe aliamuru barua alizomwandikia zichomwe. Siku ya jubilii ya 1897, askari kutoka kila pembe ya milki walipita London, na ibada ikafanyiwa nje ya kanisa la Mtakatifu Paulo kwa sababu bibi yule wa miaka 78 hakuweza kushuka garini. Mwezi uliofuata Kabaka Mwanga alitoroka ikulu yake Mengo akaenda kuanzisha vita dhidi ya wawakilishi wake.

Hivyo nimefika nyumbani, na hapa ndipo nilipogundua kwamba jibu la mtihani wetu, ingawa lilikuwa baya, halikuwa la uongo mtupu.

Waliokuja Uganda kwanza hawakuwa askari wa malkia. Ilikuwa kampuni, Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Nahodha wake Frederick Lugard aliingia Kampala Desemba 1890 na kumtia Mwanga sahihi siku chache baadaye. Januari 1892 bunduki zake ziliamua vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Lakini kampuni ilikuwa inafilisika. Bidhaa zilizobebwa kichwani kutoka Mombasa hazikuleta faida, na wakurugenzi wakaamua kuondoka. Uganda ilikaribia kuachwa, na sababu haikuwa huruma wala vita, ilikuwa hasara.

Agosti 1892 Gladstone alirudi madarakani, akiwa na umri wa miaka 82. Hakuitaka Uganda. Waziri wake wa fedha, William Harcourt, hakuitaka hata kuisikia. Aliyeitaka ni waziri wa mambo ya nje, Lord Rosebery. Baraza lilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya nchi ambayo mawaziri wengi hawakuweza kuionyesha kwenye ramani. Ndipo kampeni ikaanza. Lugard alirudi akazunguka miji akihutubia. Wamisionari walikuwa wamekwisha kuchanga fedha kuibakiza kampuni mwaka mmoja zaidi. Makanisa, vyama vya kupinga utumwa na vyama vya wafanyabiashara vilituma maombi zaidi ya mia moja. Wenye viwanda vya nguo, Manchester ikiwemo, waliona Ujerumani, Ufaransa na Marekani zikiweka ushuru juu ya bidhaa zao, wakataka soko jingine. Wajukuu wa wale vibarua wa miaka 17 sasa walikuwa na kura. Baada ya sheria ya 1884, karibu wanaume 6 kati ya 10 walikuwa nayo, na wengi wao waliambiwa kwamba kazi yao inategemea nani atavaa kaniki Kampala.

Malkia alisimama upande wa Rosebery. Alimwandikia akimkumbusha kifo cha Jenerali Gordon huko Khartoum mwaka 1885, ambacho hakuwahi kumsamehe Gladstone. Rosebery akamtuma Gerald Portal, balozi wa Uingereza Zanzibar, akachunguze. Portal alifika Kampala Machi 1893 na tarehe 1 Aprili akashusha bendera ya kampuni na kupandisha ya Uingereza. Mchunguzi anayepandisha bendera kabla hajaandika ripoti amekwisha kuiandika. Alifariki Januari 1894, na mji wetu ukabaki na jina lake.

Machi 1894 Gladstone alijiuzulu. Kwa kawaida mwenye kiti humwuliza waziri mkuu anayeondoka nani amfuate, na kama Victoria angemwuliza, Gladstone angemtaja Lord Spencer. Hakumwuliza. Wabunge wengi wa chama walidhani zamu ni ya Harcourt. Victoria, peke yake, alimwita Rosebery. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza Bungeni kwamba Uganda itakuwa nchi ya himaya, na mwezi Juni ikawa rasmi.

Siwezi kuapa kwamba Harcourt angetuacha. Pengine kufikia hapo mambo yalikuwa yameshakwenda mbali, na Wajerumani walikuwa jirani. Lakini katika utawala wote wa miaka 63, ni nadra kuona mahali ambapo mapenzi ya yule mama yalibadilisha serikali, na mara moja ilikuwa wakati Uganda iko mezani. Kwa hiyo wenzangu wanaosema alikuwa pambo tu hawana budi kutafuta maelezo ya Machi 1894. Na wale wanaosema alikuwa mwizi peke yake wanapaswa kueleza maombi ya wafanyabiashara, wapiga kura wa Manchester na makanisa, ambayo bila hayo Rosebery asingekuwa na la kusimamia. Kati ya makosa haya mawili mimi naona la kwanza ni kubwa zaidi, kwa kuwa linatufundisha kwamba mtu anaweza kukaa juu ya kiti, akapokea heshima yote ya jambo, na asidaiwe chochote.

Mkataba wa Uganda wa tarehe 10 Machi 1900 uliandikwa kwa jina la Malkia Victoria. Kwa upande wa Buganda alikuwepo Kabaka Daudi Chwa, mtoto wa miaka 3, akiwakilishwa na walezi watatu wakiongozwa na Apolo Kagwa. Katika mkataba huo Kabaka hakuitwa mfalme. Alipewa cheo cha chini yake, maana mfalme katika nchi ni mmoja. Alipangiwa posho ya pauni 1,500 kwa mwaka, itokayo kwenye mapato ya nchi yake mwenyewe. Wananchi walitozwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka, na miaka mitatu baadaye mbegu za pamba zililetwa ili wapate cha kuuza wailipe. Kwa hiyo Kabaka naye akageuzwa sehemu ya kuheshimiwa ndani ya serikali inayofanya kazi bila yeye, ingawa kule kwao jambo hilo lilichukua miaka mia mbili na huku lilikamilishwa kwa miezi michache ya mazungumzo.

Wale waliokataa kugeuzwa hivyo, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, walikuwa wamekamatwa pamoja Aprili 1899 na kupelekwa Ushelisheli kama wafungwa wa malkia. Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901. Wafungwa hawakuachiwa. Mwanga alifia huko mwaka 1903, Edward akiwa kwenye kiti. Kabalega aliendelea kukaa kisiwani hadi 1923, chini ya George, ndipo akaruhusiwa kurudi akiwa mzee. Alifika Jinja, mahali ambapo Nile inatoka Ziwa Victoria, akafia hapo kabla ya kuiona Bunyoro.